Upande wa Juu wa Jiwe

Nyinyi mnaosoma sayansi pale sekondari mmenijia mara nyingi na simu zenu. Mnanionesha video za mawe meusi yaliyotapakaa chini kabisa ya bahari, na watu wanabishana kama yachimbwe ya kutengenezea betri au yaachwe yalipo. Kisha mnaniuliza, "Bibi, ni kweli wewe umewahi kuyashika?"

Nimeyashika. Nimeyakata kwa msumeno, nimeyatoboa kwa kekee ya daktari wa meno, na masika moja nimelala nayo chumba kimoja kwa sababu stoo ilikuwa inavuja. Lakini kama mnatarajia nitawaeleza mpaka kila kitu kinyooke, mtasikitika. Kazi ile niliianza sielewi, nikaifanya mpaka nikastaafu, na lipo jambo moja ambalo mpaka hivi ninavyoandika sijalielewa. Ndilo nitakalowasimulia. Mkichanganyikiwa njiani msione haya, nami nilikuwa humo humo.

Nilikuwa fundi sanifu wa maabara. Nimezaliwa hapa Kiegeani, nikasomea bara, nikabaki huko nikipima maji na udongo wa watu. Halafu ukaja mradi mmoja wa utafiti wa bahari, fedha za wazungu, ukakodi nyumba Kilindoni, hatua chache kutoka bandarini, ukawa unatafuta watu wa kisiwani wenye vyeti. Tukachukuliwa wawili. Mwenzangu alikuwa Hamisi, mtoto wa mjomba wangu. Tumelelewa ua mmoja, tumechapwa na fimbo moja. Yeye alikuwa mtu wa vyombo vya melini: winchi, waya, masanduku ya kuchotea tope. Mimi nilikuwa mtu wa mashine ndani.

Mkuu wetu alikuwa Dakta Neema, mwanamke wa bara, mwembamba, mlokole, bingwa wa kemia ya miamba. Alikuwa hali pweza hata umbembeleze vipi. Kucha zake kila wakati zilikuwa zimepakwa rangi nyekundu, na hilo mlishike, maana rangi hiyo ndiyo iliyotuponza, au haikutuponza, sijui niseme vipi.

Wiki ya kwanza Dakta alinieleza mawe yale yanavyojengeka. Sikuelewa. Akanieleza tena kwa mchoro. Mchoro nikauelewa, jambo lenyewe likanipita. Akaweka kalamu chini, akaniuliza:

"Mwanahawa, kwenu hakuna kisima ambacho maji yake yanaharibu nguo?"

"Kipo, Dakta. Cha shangazi yangu, Baleni."

"Twende."

Tukapanda bodaboda mbili mpaka Baleni. Shangazi alitupokea kwa madafu, akatuonesha mabeseni yake. Kanzu za mumewe, zilizonunuliwa nyeupe, zilikuwa na rangi ya chai iliyotiwa maziwa kidogo. Kuta za pipa la maji zilikuwa na weusi kama masizi. Dakta akateka ndoo moja, akaniambia niangalie. Maji yalikuwa safi, ungeweza kuona kitako cha ndoo. Tukanywa madafu, tukaongea habari za mihogo, na tuliporudi kwenye ndoo, maji yalikuwa yamefanya ukungu mwekundu.

"Kule chini hakuna oksijeni," Dakta akasema. "Chuma kimeyeyuka na manganizi imeyeyuka, huvioni. Ukivitoa hewani vinaganda. Chuma hakina subira, kikionja oksijeni kinaganda hapo hapo. Manganizi inakawia. Inasafiri, inakwenda kugandia mbali zaidi. Ndiyo maana ndoo ina wekundu leo leo, na ule weusi wa pipa umechukua miezi."

Shangazi alikuwa ameshika kiuno. "Kwa hiyo mwanangu, kanzu za mume wangu zinaharibiwa na hao wawili?"

"Ndiyo, mama. Mwekundu ni chuma, mweusi ni manganizi."

"Na dawa yao?"

"Yamimine maji ndoo hadi ndoo yapate hewa, yaache yatulie, uyachuje kwa mchanga safi kabla hujafua."

Shangazi alifanya hivyo, kanzu zikaanza kurudi rangi, na tangu hapo Dakta Neema hakuweza kupita Baleni bila kutoka na mkungu wa ndizi. Nanyi mkienda kupima visima vya watu, waacheni na dawa, msiwaachie jina la ugonjwa peke yake.

Kisima kile ndicho kilichonifungua macho. Huko kilindini, jiwe linakaa nusu ndani ya tope na nusu nje. Upande wa juu unapokea chuma na manganizi kutoka kwenye maji ya bahari yenyewe, taratibu sana, karibu sawa kwa sawa. Upande wa chini unalishwa na tope. Ndani ya tope hewa ni haba kama kule kisimani; chuma kinaganda mapema kikabaki chini, manganizi inapanda mpaka ilifikie jiwe. Basi tumbo la jiwe linakuwa na manganizi nyingi na chuma kidogo, pamoja na nikeli na shaba, na mgongo wake unakuwa na vyote viwili. Ukipima pande zote mbili, unajua jiwe lilikuwa limelala vipi.

Na linakua milimita chache kwa miaka milioni. Nilipomwambia mama yangu hivyo, aliacha kukuna nazi, akanitazama. "Hilo si kukua, mwanangu. Hilo ni kusita."

Safari yetu ya kwanza ya kilindini meli ilikwenda mashariki siku kadhaa, mpaka kisiwa kikawa hadithi. Mimi niliugua bahari tangu tulipoacha maji ya kijani. Ndiyo, mtoto wa Kiegeani, babu zangu wote wavuvi, nimelala sakafuni na ndoo kando ya kichwa kama mtu wa Dodoma. Hamisi alinicheka mpaka akachoka, kisha akaniletea tangawizi.

Sanduku la chuma lilishushwa kwa waya. Waya unakwenda chini, unakwenda, unaendelea kwenda, watu wanapiga soga, wanakunywa chai, na waya bado unakwenda. Likigusa chini linajifunga na kukata pande la tope pamoja na kila kilicho juu yake, kisha safari ya kurudi juu. Lilipofika sitahani, maji yakamwagwa polepole, na tukaona: tope la rangi ya kahawia, laini kama uji wa ulezi, na juu yake mawe meusi yamekaa kama mayai kwenye kiota.

Kanuni ilikuwa kila jiwe lipigwe alama upande wa juu likiwa bado ndani ya tope. Siku hiyo kanuni ilishindikana. Rangi tuliyopewa haikukamata kwenye jiwe lililolowa, ilikuwa inateleza kama mafuta. Dakta akafikiri, akaingia chumbani kwake, akarudi na kichupa cha rangi ya kucha.

"Hii inashika popote," akasema. "Ila jiwe lifutwe kwanza."

Kwa hiyo ikawa hivi: Hamisi anainama kwenye sanduku, anachomoa jiwe moja, anafuta mgongo wake kwa kitambaa, ananikabidhi, nami napaka doa jekundu palipofutwa, naliweka kwenye mfuko wenye maji ya bahari. Meli inayumba. Mimi natapika, napaka, natapika. Hamisi anafuta huku anataniana na mtu wa winchi. Mengi tuliyatia alama namna hiyo. Mojawapo lilikuwa duara, limebonyea kidogo, nikasema hili andazi. Basi jina likawa Andazi.

Mawe mengi yana mgongo laini na tumbo lenye vichunusi, hata kipofu angejua upande. Andazi halikuwa hivyo. Kote lilikuwa kati kwa kati, si laini wala si la vichunusi.

Tuliporudi Kilindoni nikaanza kupima. Nilikuwa natoboa unga kidogo kila upande kwa kekee, naupima kwa mashine ya mionzi ya mkononi, ina umbo kama bastola. Kazi hiyo inataka mikono isiyo na kitu cha kuchafua unga. Pete vua, mafuta ya kujipaka acha nyumbani. Dakta aliiogopa hata hina yangu, nikawa naonekana kwenye harusi za watu mikono mitupu kama mfiwa. Na manganizi yenyewe inapaka vidole weusi usiotoka. Kila nikirudi, mama anauliza kama wazungu wameniajiri kusugua masufuria.

Jiwe la kwanza likasoma kama kisima cha shangazi kilivyotufundisha. La pili hivyo hivyo. Yakafuatana, nikaanza kujiona mtaalamu. Kisha nikafikia Andazi.

Upande wenye doa jekundu: manganizi nyingi, chuma kidogo, nikeli, shaba. Tumbo hilo. Upande usio na doa: chuma na manganizi karibu sawa. Mgongo huo.

Nikazima mashine, nikaiwasha. Nikapima kipande cha kulinganishia, kikasoma sawasawa. Nikatoboa upya, jibu likawa lile lile. Nikatoka nje nikasimama mlangoni nawatazama wapagazi wanaopakua simenti, kama vile wao wangeniambia. Kisha nikamwita Dakta.

Alizipitia namba moja moja. "Mwanahawa, una hakika doa hili ulilipaka juu?"

"Nina hakika."

"Hamisi alilitoa vipi?"

"Alilifuta, akanipa."

"Akakupa upande gani?"

Nikafungua mdomo nijibu, na hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa namwona Hamisi, naiona rangi, naiona ndoo yangu ya matapishi, lakini lile jiwe likitoka mkono wake kuja mkono wangu silioni. Nilikuwa na hakika sekunde moja iliyopita. Sasa hakika ilikuwa imeondoka na sikujua imeondoka saa ngapi.

Hamisi alipoitwa hakusita. "Nimelifuta mgongo, nimempa. Mengine nimeyatoaje? Hilo nalo hivyo hivyo."

"Basi mimi ndiye niliyeligeuza?" nikamwuliza.

"Sijasema hivyo."

"Unasema nini?"

"Nasema nilikupa kama lilivyokuwa. Na wewe ulikuwa unatapika, binamu."

"Na wewe ulikuwa unacheka na mtu wa winchi, shingo imegeukia huko!"

Yote mawili yalikuwa kweli, ndipo ugumu ulipokuwa.

Mnaweza kuona ni jiwe moja tu, litupwe, maisha yaendelee. Dakta naye alitamani iwe hivyo. Lakini waliokuwa wanagharimia mradi walikuwa wanataka majibu, na alipowaeleza kwenye mkutano wa video, mkubwa wao mmoja aliuliza swali la haki kabisa: kama jiwe moja limepinduliwa bila mtu kujua, mtajuaje mengine hayakupinduliwa? Labda mawe yote ya safari ile hayafai. Na safari ijayo, akasema, ingekuwa vizuri kazi ya sitahani ifanywe na watu wao waliozoea. Hilo alilisema kwa upole sana. Mimi na Hamisi tulikuwa tumekaa barazani, dirisha liko wazi, tumesikia.

"Dakta Neema, wewe unadhani nini kilitokea?" yule mkubwa akauliza.

Sauti ya Dakta ikajibu: "Sijui."

"Ni kosa la mafundi wako?"

"Nimesema sijui. Nikijua nitakwambia."

Wakati ule jibu lile lilinikasirisha. Nilitaka atutetee. Leo nikilikumbuka naona hapakuwa na jibu jingine la kweli, na angeweza kabisa kututupa sisi akajiokoa.

Baada ya pale mambo yakaharibika kati yangu na Hamisi. Hatukugombana kwa kelele. Tulianza kusalimiana kwa kikohozi. Yeye akamwambia mkewe, mkewe akasema kisimani, na kutoka kisimani maneno yakamfikia mama yangu kwamba mimi nataka kumharibia mume wa mtu kazi. Mama naye akajibu yake, na majibu ya mama yangu hayarudiwi mbele ya watoto. Sikukuu ya Idi ilipofika, Hamisi alipita mbele ya nyumba yetu na kanzu yake mpya, akatazama mbele, hakuingia. Tangu tuzaliwe hilo halikuwa limetokea. Mama alikuwa ameshaweka sahani yake.

Mimi nikawa kama mtu aliyepoteza kitu ndani ya mwili wake mwenyewe. Asubuhi moja mama alikaanga maandazi, nikachukua moja, nikalitoa mkono wa kulia kwenda wa kushoto. Tena. Nikafumba macho nikajitikisa kama niko melini. Nikalifuta mgongo kwa upande wa khanga, nikalipokea. Je, mtu akipokea kitu chenye duara, mkono wake unajigeuza wenyewe? Nikadhani unajigeuza. Nikajaribu lingine, nikaona haujigeuzi. Nilipofumbua macho mama alikuwa amesimama na mwiko.

"Mwanangu, unakula au unapiga ramli?"

Nikamwambia nataka kukumbuka. Akakaa kwenye kibao, akayatazama maandazi yangu yaliyobondeka. "Kitu ambacho hukukitazama utakikumbukaje?"

Tuliirudia hata picha ya sanduku, ile iliyopigwa kabla hatujagusa kitu. Dakta aliikuza kwenye kompyuta. Maji juu ya tope yalikuwa bado yana vumbi, na Andazi lilikuwa doa jeusi ndani ya ukungu. Hamisi akaona bonde dogo upande wa kushoto, akasema ni kile kibonyeo cha upande wenye doa, kwa hiyo upande huo ndio uliokuwa juu. Mimi nikaona bonde upande wa kulia. Dakta hakuona bonde lolote. Tukaikuza zaidi, ikawa miraba tupu.

Kilichotutoa pale kilikuwa kuchanganyikiwa kwa Dakta mwenyewe. Alikuja asubuhi moja macho mekundu, akaniambia, "Mawe yote mengine yako sawa. Yote. Mmekosea jiwe moja tu, halafu jiwe lenyewe ni lile lisilo na mgongo wala tumbo la kuonekana. Kuna kitu sikipendi hapo." Akazunguka meza. "Kekee yako inaingia kina gani?"

"Kama punje ya mchele."

"Na jiwe linakua milimita chache kwa miaka milioni." Akasimama. "Mwanahawa, hii ni keki yenye tabaka nyingi na tumeichota kwa upawa mmoja. Mimi ndiye niliyekupa upawa. Hatujui ngozi yake ya juu kabisa inasemaje."

Tukakata kipande chembamba kutoka mgongo hadi tumbo, nikakitia kwenye gundi ngumu, nikakisugua siku nzima kwa unga laini mpaka kikang'aa kama kioo. Nikaomba kazi hiyo niifanye peke yangu. Dakta akanikubalia. Kikapelekwa nje ya nchi kwenye chuo chenye darubini ya elektroni inayoweza kupima kitu chembamba kuliko unywele. Halafu tukangoja. Kungoja kule sikuelezeni. Mkataba wangu ulikuwa unakaribia ukingoni, na wa Hamisi pia, na kila tukikutana mlangoni tunapishana kama mizigo.

Majibu yalikuja mchana, umeme umekatika, tukayafungua kwenye kompyuta ya Dakta iliyobaki na chaji kidogo. Dakta akamwita Hamisi aliyekuwa nje anapaka winchi grisi. Tukasimama watatu, mimi huku, yeye kule, Dakta katikati.

Ilikuwa picha ya rangi. Chuma wamekipa wekundu, manganizi kijani. Upande wa doa, ndani, kijani kitupu: tabaka za tope, kama nilivyopima. Lakini juu yake, kwenye ukingo kabisa, kulikuwa na uzi. Uzi mwembamba kuliko unywele wangu, wenye rangi zote mbili karibu sawa kwa sawa.

Dakta akaweka kucha yake nyekundu juu ya ule uzi. "Hii ni ngozi ya maji ya bahari. Imeota juu ya tumbo."

Akashuka upande wa pili. Pale mgongo wa zamani, ndani rangi mbili; na kwenye ukingo, uzi wa kijani. Ngozi ya tope imeanza kuota juu ya mgongo.

"Sielewi," Hamisi akasema.

"Jiwe hili liliishi miaka mingi sana likiwa limelala upande mmoja," Dakta akasema polepole, kama anayejaribu kujiridhisha mwenyewe. "Kisha likapinduka. Huko huko chini. Likaanza kuishi upya, tumbo likawa mgongo. Ngozi hii ni nyembamba, lakini kwa mwendo wa mawe haya, hata unene huu ni maelfu kwa maelfu ya miaka. Hakuna ngozi ya namna hii inayoweza kuota sitahani wala Kilindoni."

"Kwa hiyo sikukosea," Hamisi akasema.

"Hukukosea."

"Na yeye?"

"Hakukosea. Doa liko juu kabisa, mahali pake."

Nilidhani siku hiyo ikifika nitapiga vigelegele. Nilikuwa nimeyaota hata maneno ya kumwambia Hamisi, maneno makali, nimeyanoa. Yakanikauka. Yeye alikuwa anajifuta grisi kwenye suruali, anafuta tena mkono ambao umeshakuwa safi. Dakta akasema anakwenda kutafuta mtandao awapigie wale wakubwa, akatuacha.

Tukabaki na kompyuta inayolia chaji.

"Sasa binamu," Hamisi akasema, "yale tuliyoambizana tuyapeleke wapi?"

"Sijui."

"Maana mke wangu amesema mengi."

"Na mama yangu je?"

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiye na uhakika kama kinaruhusiwa. Kompyuta ikazima. Akaniambia ana njaa. Tukapanda pikipiki yake mpaka Kiegeani, mimi nyuma. Tulipofika, akasimama ukumbini kama mgeni, akaita, "Shikamoo shangazi."

Mama hakunyanyua macho kwenye mchele. "Marahaba. Leo mlango umeuona?"

"Nimeuona."

"Kaa basi."

Alikaa. Mama akampakulia wali na samaki wa nazi, akamwekea kipande cha mkia anachokipenda, na alipomaliza kumpakulia ndipo akauliza. Nikamweleza kama Dakta alivyotueleza. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo nyinyi hamkuligeuza."

"Hatukuligeuza."

"Nani kaligeuza?"

Tulikuwa tumefurahi kwamba si sisi, hata swali lenyewe hatukuliona.

Kesho yake swali hilo nililipeleka kwa Dakta. Akaniambia alikuwa macho usiku kucha kwa ajili yake. Labda tope la kwenye mteremko liliporomoka. Lakini lingeporomoka, mawe ya jirani nayo yangepinduka, na yote yalikuwa yamelala vilevile tangu yaanze. Labda samaki anayechimbua chakula. Labda tetemeko. Kule chini hakuna wimbi, mkondo wenyewe ni mdogo, na jiwe kubwa kama lile likikaa kwenye tope linakaa. Tena ajabu nyingine, na hii wataalamu wanaijua siku nyingi na bado wanabishana: tope la baharini linashuka kwa kasi kubwa kuliko jiwe linavyokua. Kwa hesabu ya kawaida mawe yote yale yangekuwa yamezikwa zamani. Kitu fulani kinayaweka juu. Dakta alisema pengine kitu hicho hicho ndicho kilicholigeuza letu. Nikamwuliza ni kitu gani. Akaniangalia kwa huruma.

"Mwanahawa, wewe nawe."

Katika ripoti aliandika kwamba sababu ya kupinduka haijulikani, na hakupamba. Wale wakubwa wakayakubali mawe yote. Safari iliyofuata tulikwenda sote wawili, na mikataba yetu ikaendelea. Rangi ya kucha tuliendelea nayo, ila tuliipaka jiwe likiwa ndani ya tope, tunalikausha kwa pumzi kwanza kama wanaopuliza moto wa kuni. Nanyi mkifika huko fanyeni hivyo, na anayepaka asiwe yule anayeugua bahari.

Dakta Neema alirudi bara, akafundisha, akastaafu kabla yangu. Kila nilipopata mtu anayeijua bahari ile nilimwuliza. Mmoja alinihakikishia ni samaki. Mwingine alinihakikishia si samaki. Nimesoma nilivyoweza kusoma. Nikiwa na miaka michache ya kazi nilikuwa na jibu moja ninalolipenda, na kadiri nilivyojua zaidi ndivyo lilivyonitoka, kama ile hakika yangu ya doa, siku ile Kilindoni.

Hamisi yeye hakusoma wala hakuuliza mtu. Anakaa Kilindoni, ana wajukuu, na bado ananipigia simu. Hasalimu. Anataja jina tu: "Nyangumi." Namwambia nyangumi huyo hafiki huko. Anakata. Baada ya mwezi: "Pweza." Namwambia pweza wa huko ni mdogo. Anakata. Mkewe anasema wakati mwingine anaamka usingizini akitaka kunipigia.

Juzi kapiga nikiwa naanika mihogo.

"Jongoo," akasema. "Majongoo ya bahari."

Hao wapo huko chini, kweli, wengi, wanatambaa wanakula tope. Lakini ni laini, wamejaa maji. Nikamwambia, "Binamu, jongoo hana nguvu ya kugeuza jiwe lile. Akiligusa litatikisika tu kidogo."

"Halafu?"

"Halafu atapita zake."

"Atakuja mwingine?"

"Atakuja."

"Naye atalitikisa kidogo?"

"Labda."

"Kwa miaka yote hiyo?"

Nikakisukuma kipande cha muhogo kwa ncha ya kidole, kidogo, tena kidogo, nikitazama kitapinduka lini. Nilimsubiri akate simu kama kawaida yake, naye safari hii hakukata. Alikuwa ananingoja mimi.